Milioni 48: vyumba vya Mbagala au viwanja vya Kigamboni?

Swali la msomaji: "Mimi ni muuguzi, naishi Morogoro, nina miaka 44. Mimi na mume wangu tumekusanya shilingi milioni 55. Tumeletewa vitu viwili. Cha kwanza ni nyumba ya vyumba nane Mbagala, choo cha nje, kila chumba kinalipa 50,000 kwa mwezi. Mwenyewe anataka milioni 48. Cha pili ni viwanja viwili Kigamboni, vimepimwa, milioni 24 kila kimoja. Mimi naipenda nyumba kwa sababu kila mwezi nitaona hela. Mume wangu anasema nyumba za uswahilini ni kuumiza kichwa, ardhi haiozi, na baada ya miaka mitano tutauza mara mbili ya bei. Benki nayo iko tayari kunikopesha milioni 30 kupitia mshahara wangu, ili tuchukue nyumba na kiwanja kimoja kwa mpigo. Tufanye nini?"

Dada yangu, nakushukuru kwa kuandika kwa namba, maana wengi huniuliza "niwekeze wapi?" bila kutaja hata wana shilingi ngapi. Na mimi nitakujibu kwa namba. Ila kwanza nikusimulie habari ya nyumba moja.

Mama yangu alikuwa na nyumba ya vyumba sita Buguruni. Sisi tulilala katika viwili, vinne alivipangisha. Vyumba vile vinne ndivyo vilivyonisomesha mpaka nikawa mthamini wa ardhi na majengo. Mama alipofariki, sisi warithi tulikubaliana kuuza. Niliipima nyumba ile chumba kwa chumba, nikaandika thamani ya kuta, ya bati, ya milango ya mninga ambayo mama aliinunua kwa hela ya mchezo alioucheza na wenzake pale mtaani. Mnunuzi aliisoma karatasi yangu kwa adabu, kisha akauliza swali moja tu: kiwanja kina ukubwa gani? Akalipa. Wiki ya pili nilipita pale nikakuta vijana wanabomoa kwa nyundo. Niliomba mlango mmoja, wakanipa bure.

Siku ile ndipo nilipoelewa kwa moyo jambo nililokuwa nimelisoma darasani. Pango hulipwa na jengo, lakini thamani hupandishwa na ardhi. Jengo linazeeka tangu siku unapokabidhiwa funguo. Ardhi iliyo chini yake ndiyo inayopanda, na hupanda kwa sababu ya mambo ambayo wewe hukuyafanya: barabara, daraja, maji, watu kuongezeka. Kwa hiyo ukiambiwa nyumba inauzwa milioni 48, jiulize kwanza katika hizo 48, ardhi ni ngapi na jengo ni ngapi. Wewe na shemeji mnabishana pango na thamani kama vile ni vitu vya maduka mawili. Kila nyumba ina vyote viwili, ila vipimo vinatofautiana.

Tuanze na Mbagala. Vyumba nane mara 50,000 ni 400,000 kwa mwezi, yaani 4,800,000 kwa mwaka. Dalali atakwambia hiyo ni asilimia 10 ya bei, na hesabu yake ni sahihi kabisa, isipokuwa hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuishika hiyo hela yote. Vyumba nane kwa miezi 12 ni miezi 96 ya pango. Mimi ningetoa miezi 10 ya chumba kuwa kitupu au mpangaji kugoma kulipa. Hizo ni 500,000, zinabaki 4,300,000. Wewe uko Morogoro, kwa hiyo utamlipa mtu wa kukusanya na kusimamia. Ukimpa asilimia 10 ya anachokusanya, ni 430,000. Matengenezo weka 600,000: choo cha watu nane na familia zao kinajaa, gari la majitaka linaitwa, bati linavuja masika, kitasa kinaharibika. Kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka, hiyo haitakuumiza. Kwa ajili ya TRA tenga asilimia 10 ya pango, 430,000 nyingine. Ukishatoa vyote hivyo unabaki na 2,822,000 kwa mwaka, kama 235,000 kwa mwezi. Kwa nyumba ya milioni 48, hiyo ni asilimia 5.9.

Iweke namba hiyo pembeni, tutairudia. Sasa ardhi yake. Tembea mtaa uleule, uulize kiwanja kitupu chenye ukubwa kama ule kinauzwa bei gani. Tuseme unaambiwa milioni 20. Basi milioni 28 zilizobaki unanunua kuta na bati. Tuwe wakarimu, tuseme ardhi ile inapanda asilimia 8 kwa mwaka: hiyo ni milioni 1.6. Jengo nalo linachakaa, tuseme asilimia 3 kwa mwaka, linapoteza 840,000. Faida ya thamani inayobaki ni 760,000, kama asilimia 1.6 ya hela yako. Ukijumlisha na pango, unapata asilimia 7.5 hivi kwa mwaka, pamoja na simu za usiku kwamba maji yamekatika.

Linganisha na kitu kisichopiga simu. Mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hati fungani ya miaka 25, yaani hela unayoikopesha Serikali nayo ikakulipa riba, kutoka asilimia 15.95 hadi 12.56. Riba za matoleo hubadilika, lakini hata tukichukua hiyo iliyoshushwa kuwa kipimo chetu, milioni 48 zingekuletea 6,028,800 kwa mwaka, zinazolipwa mara mbili kwa mwaka, bila choo wala dalali. Zaidi ya mara mbili ya ile nyumba. Sikwambii ukimbilie hati fungani. Milioni 48 za hati fungani baada ya miaka 25 zitarudi zikiwa milioni 48 zilezile, na wewe unajua milioni 48 za mwaka 2000 zilinunua nini. Pango linapanda, hati fungani haipandi. Nataka uone jambo moja tu: kwa bei wanayokutajia, ukiiangalia hela ya mwezi peke yake, nyumba hii inashindwa mbali. Kwa hiyo ukiinunua, hata kama moyoni unasema umefuata pango, kwa kweli utakuwa umewekea dau ardhi ya Mbagala ipande. Wewe na shemeji mko upande mmoja bila kujua.

Lakini bei si amri. Nyumba hiyohiyo ikishuka hadi milioni 35, pango lako safi linakuwa asilimia 8 ya hela uliyotoa, jengo unakuwa umelinunua milioni 15 tu, na ukijumlisha na ardhi unafika kwenye asilimia 11 hivi. Hapo ningekaa mezani. Kwa 48 nisingekaa.

Na kabla ya kutaja bei yoyote, nenda mwenyewe. Treni ya SGR daraja la kawaida ni 13,000 kutoka Morogoro hadi Dar, asubuhi unakwenda na usiku umerudi. Usiende na dalali. Nenda siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wanarudi, na kama unaweza nenda siku ya pili baada ya mvua kubwa. Mwaka jana nilikwenda kuangalia nyumba ya namna hiyo Mbagala kwa ajili ya mteja. Mwenye nyumba alinionyesha daftari la kodi, limepangwa vizuri, kila chumba na ukurasa wake, wote wamelipa. Nikaomba maji ya kunywa, nikaketi kibarazani na mama mmoja aliyekuwa anakuna nazi. Tukaongea habari za bei ya unga. Katikati ya mazungumzo akasema chumba cha tatu kiko kitupu tangu Ramadhani, na kijana wa chumba cha sita hajalipa miezi minne ila mwenye nyumba anamwogopa. Kisha akanionyesha ukuta wa nyuma: alama ya maji ilikuwa juu ya goti langu, na plasta chini yake imefanya chumvi, ukigusa inamomonyoka kama biskuti. Daftari lilisema vyumba nane. Vilivyokuwa vinalipa ni sita. Mteja wangu aliacha, na mpaka leo tukionana ananikumbusha ile nazi.

Sasa viwanja. Shemeji yangu ana hoja nzito kuliko unavyompa, ila ameisema nusu. Kweli ardhi haiozi, na kiwanja kilichopimwa ni kitu cha kuheshimiwa. Lakini "mara mbili kwa miaka mitano" maana yake ardhi ipande karibu asilimia 15 kila mwaka, mfululizo, bila mwaka wa kupumzika. Yako maeneo yaliyofanya hivyo. Dodoma baada ya Julai 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia huko, walionunua kabla walicheka. Mwaka huohuo Dar waliokuwa na nyumba za kupangisha kwa taasisi na maofisa walianza kupunguza bei. Tangazo moja lilipandisha mji mmoja na kuutikisa mwingine, na si mimi wala wewe tuliyeliona linakuja.

Kigamboni yenyewe ni somo. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya, wamiliki wa eneo la mpango wakazuiwa kujenga na kuendeleza, na miaka ikapita watu wakiwa na ardhi ambayo hawawezi kuijenga wala kupata mnunuzi wa maana. Daraja likafunguliwa Aprili 2016, na hapo watu wakaanza kuvuka kwa wingi. Aliyenunua 2007 na aliyenunua 2015 wote walinunua "Kigamboni itapanda", na wote walikuwa sahihi. Tofauti ni kwamba wa kwanza alisubiri karibu miaka kumi bila shilingi mkononi. Kama katika miaka hiyo mtoto wake alipata nafasi ya chuo, kiwanja hakikumlipia ada.

Tupige na hii hesabu. Tuseme shemeji amepatia, miaka mitano imefika na milioni 48 zimekuwa 96. Faida ni 48, na mkazi hulipa asilimia 10 ya faida hiyo anapouza, kwa hiyo 4,800,000 zinakwenda TRA. Dalali mpe asilimia 5, ni 4,800,000 nyingine. Kodi ya ardhi, kufyeka, kijana wa kuangalia bikoni, yaani alama za mipaka, zisihamishwe, weka 400,000 kwa mwaka, ni milioni 2. Unabaki na 84,400,000. Ukigawanya kwa miaka, hela yako imekua kama asilimia 12 kwa mwaka. Yaani shemeji akipatia kabisa, mnafika pale ambapo hati fungani ya 2022 ingewafikisha. Mara mbili ikichukua miaka kumi badala ya mitano, mnashuka hadi asilimia 5 na ushee. Na hesabu hii ina mnunuzi aliyekuja na hela taslimu siku mliyomtaka. Thamani iliyopanda ni karatasi mpaka atokee mtu wa kuilipa, na kwa kawaida siku tunayolazimika kuuza ndiyo siku mnunuzi anapotuonea.

Soma pia masharti ya hati. Viwanja vilivyopimwa mara nyingi huja na sharti la kuendeleza ndani ya muda, na miaka mitatu ndiyo iliyozoeleka. Kukaa na viwanja viwili vitupu mkisubiri bei ni kukaa na sharti lisilotimizwa. Wengi hawachukuliwi hatua, lakini mimi sipendi mpango ambao usalama wake ni kusahauliwa na ofisi.

Mkopo nitausema kwa kifupi kwa sababu jibu lake ni fupi: acha. Milioni 30 kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka saba ni marejesho ya karibu 579,000 kila mwezi. Nyumba ile inakuletea 235,000. Kiwanja hakileti kitu. Tofauti inatoka kwenye mshahara wako wa uuguzi, kila mwezi, kwa miezi 84. Kukopa kwa 15 ili kununua kitu kinacholeta 6 ni kujaza maji kwenye pipa lililotoboka, na anayebeba ndoo ni wewe. Mkopo una mahali pake, kwa mfano kumalizia vyumba viwili ambavyo wapangaji wake tayari wamekulipa miezi sita mbele. Hapa si mahali pake.

Sasa nikushauri kama ningemshauri dada yangu wa tumbo moja. Una miaka 44, ukistaafu kwa hiari ni 55. Miaka 11. Swali lako la kweli ni nani atailisha mali hii wakati inasubiri kupanda. Mali inayojilisha unaweza kuisubiri miaka ishirini bila kugombana na mumeo. Mali inayokula mshahara utaiuza siku mtoto akiugua, na utaiuza kwa bei ya mwenye shida. Kwa hiyo mimi ningetafuta ardhi kwanza, yenye hati, mahali pazuri, halafu ningeiwekea jengo dogo la kuilisha. Ardhi iwe sehemu kubwa ya hela yenu, jengo liwe la kutosha tu kulipa gharama na kubakiza kitu.

Na ningeitafuta Morogoro, si Dar. Nyumba ya kupangisha inataka macho, na macho yako yako huko. Wewe unajua ni mtaa gani maji yanatoka, wapi panajaa matope, nani analipa na nani anahama usiku. Mazimbu kuna kampasi ya SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na wanafunzi ni wapangaji wa uhakika ilimradi ukumbuke kwamba chuo kikifungwa na wao wanaondoka. Kihonda stesheni ya treni imebadilisha mazungumzo ya bei, na hapo nakuonya: karibu kabisa na stesheni utauziwa bei ambayo tayari imeshapanda. Mimi ningeangalia mahali ambapo bodaboda anafika kwa dakika kumi, barabara ya lami iko mbioni au imeshafika, na watu wa kipato cha kati wameanza kujenga kwa fensi. Huwa nahesabu fensi na matangi ya maji juu ya mapaa. Mtu akiweka tangi, ameamua kukaa.

Chukua kiwanja kimoja kilichopimwa, jenga vyumba vitatu au vinne vya kujitegemea, choo ndani, kila kimoja na LUKU yake. Jenga kwa awamu: viwili kwanza, uvipangishe, kodi ya miezi sita iingie kwenye msingi wa vingine. Mpangaji wa chumba chenye choo ndani haharibu kama vyumba nane vinavyogombania mlango mmoja asubuhi, na hahami ovyo. Katika milioni 55 usitumie zote. Bakiza kama milioni 6 benki au kwenye mfuko wa uwekezaji unaoweza kutoa hela ndani ya siku chache. Hizo ndizo zitakazokuzuia kuuza wakati mbaya, na kwa maoni yangu ndizo hela zenye kazi kubwa kuliko zote katika mpango huu.

Kama mwenye nyumba wa Mbagala atashuka hadi hiyo 35, na ukuta hauna chumvi, na umekaa kibarazani ukajiridhisha, sitakugombeza ukiichukua. Kama shemeji bado anaitaka Kigamboni, chukueni kiwanja kimoja badala ya viwili, kwa sharti mnajua hela hiyo hamtaigusa kwa miaka kumi. Msichukue vyote.

Lililobaki ni karatasi, na hapa nakuomba usinifanyie haraka. Mbagala utapewa hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Hiyo inaonyesha mlikubaliana, haikuambii kama eneo limo ndani ya hifadhi ya barabara au njia ya maji. Mwaka 2017 pale Kimara hadi Kiluvya nyumba nyingi zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na ndani yake walikuwemo watu waliojenga na kupangisha kwa miaka mingi, wenye karatasi za mauziano mkononi. Nilizipita nyumba zile zimewekewa alama ya X nyekundu, na katika mojawapo mzee alikuwa anafagia kibaraza chake kama kila siku. Uliza ofisi ya ardhi ya halmashauri ramani ya mipango miji ya eneo. Kwa kiwanja chenye hati, chukua namba ya kiwanja na ya kitalu, ufanye upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kama kimewekwa rehani au kina zuio. Anayeuza akiwa na mke au mume, ridhaa ya mwenza iandikwe na isainiwe. Akiwa anauza cha urithi, uone barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, usikubali kuambiwa "sisi wote ni ndugu tumeshakubaliana". Hati yenu iandikwe majina yenu wote wawili, wewe na shemeji.

Na dalali akikwambia kuna mteja mwingine anakuja kesho asubuhi na hela, mwambie amuuzie huyo. Usitoe hata kishika uchumba kabla majibu ya upekuzi hayajatoka. Ukiyapata, niandikie namba za kiwanja hicho na bei, tutapiga hesabu tena pamoja.